Msamaha Usio na K.N.Y.

Chumba cha Baba,
Nyuma ya karakana,
Jumamosi, juma la nne la Kwaresima.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo wewe? Wifi hajambo, na watoto? Mgongo wako umetulia? Sisi huku wazima, ingawa uzima wenyewe ni wa kujikongoja. Shemeji yako anasema nimekonda. Nimemwambia ni Kwaresima, asinitafutie maradhi.

Baba yupo. Macho yamekwisha kabisa, na hashuki kitandani bila kushikwa. Mchana shangazi hukaa naye nikiwa ofisini, nikirudi nampokea. Kuosha, kulisha, kugeuza, kufua. Nimechoka, Kaka, sikufichi. Mwaka huu sikujinyima sukari wala nyama, maana sikuona kilichobaki cha kujinyima.

Jumapili mchungaji alihubiri juu ya Kristo kusimama mahali petu. Nilisinzia, nikazindukia kwenye neno "badala". Nikasema moyoni, hiyo badala mimi naijua. Nilikukasirikia palepale kwenye benchi. Kifungua mimba ni wewe, lakini zamu yako naishika mimi.

Sasa nikueleze lililonishikisha kalamu. Jumatano asubuhi kulikuwa na baridi, nikavaa lile koti lako la kazi lililobaki nyuma ya mlango. Bado lilikuwa linanuka vanishi. Nilipoinama kumgeuza Baba, akalikamata mkono, akanusa, akauliza, "Fundi Mdogo, umerudi?" Jina hilo hakuwahi kulitamka tangu uondoke.

Nilitaka kusema ni mimi. Hakunipa nafasi.

"Jiko la kuyeyushia gundi nililiacha mimi likiwaka," akasema. "Karakana niliichoma mimi. Nikakuacha ulaumiwe mbele za watu, na wewe ukanyamaza. Nisamehe, mwanangu."

Alilia, Kaka. Baba yetu, yule yule aliyekuwa akijigonga kidole kwa nyundo na kuendelea kupiga mluzi. Nikakaza sauti ifanane na yako, nikamwambia, "Nimekusamehe, Baba." Akalala kama mtoto aliyeshiba.

Yakobo alivaa ngozi za mbuzi akaiba baraka. Mimi nimevaa koti lako nikatoa msamaha usio wangu. Unaijua kazi yangu. Nikimwekea bosi sahihi kwenye barua, naanza na k.n.y., kwa niaba ya, ili kila asomaye ajue mwenyewe hayupo. Miaka yote hiyo sijasahau hata mara moja. Jumatano nilisahau, au sikutaka kukumbuka.

Na mimi nina langu. Miaka kumi na miwili niliamini ni wewe. Hata shemeji yako nilimwambia, kaka yangu ana mikono ya dhahabu, ila kwa moto ni mzembe. Nisamehe. Wewe ulisimama mahali pa Baba miaka yote hiyo bila kufungua mdomo. Mimi nimesimama mahali pako mwaka na nusu tu, na majirani wote wanajua kwamba nimechoka.

Muuguzi anayekuja kumwona amesema tusijipe matumaini makubwa, Pasaka yenyewe huenda asiione. Kila asubuhi sasa anamwulizia Fundi Mdogo, nami navaa koti. Siwezi tena, Kaka. Sitakusemea wala kukulazimisha, jambo hili halina mbadala. Kama msamaha upo, njoo umwambie kwa mdomo wako. Kama haupo, njoo vilevile unisaidie kumgeuza.

Shangazi anakusalimu, anasema bado anakukumbuka kwa kumaliza ukoko wa sufuria. Shemeji yako naye anakusalimu. Msalimie sana wifi, watoto wabusu kwa ajili yangu. Mungu akutangulie njiani, ukiamua kuwa na njia.

Koti nimelifua jana. Halinuki tena vanishi.

Ni mimi mwenyewe, bila k.n.y.,
dada yako akupendaye.