Motokari Isiyokuwa Tipoi

Jumatatu, 7 mwezi wa saba 1958

Masanduku kutwa nzima. Treni imeleta sabuni, vitambaa, misumari, mashini mbili za kushonea. Kazi yangu ileile: kusoma alama ya sanduku, kuandika limetoka wapi, kulionyesha njia. Miaka kumi na moja katika magazini, ile bohari ya stesheni ya Kindu. Sijafika popote, lakini ninajua kila kitu kinatengenezwa wapi. Jembe, Uingereza. Sindano, Udachi. Sahani, Ubelgiji.

Mchana dereva wa kamyo ya Pangi ameniletea neno. Shangazi Wabiwa, dada wa Baba anayekaa Pangi, hainuki tena kwenye mukeka. Anamuulizia Baba kila siku.

Nimemuambia Baba. Akaangalia miguu yake. Magoti yamekwisha. Kutoka kitandani mpaka uani, na fimbo, amechoka tayari.

Ndugu wa Pangi wanataka kuja kumuchukua na tipoi, kile kiti cha kubebwa na watu wanne mabegani. Baba alikataa kabla sijamaliza kusema. Alikuwa mupagazi. Alibeba pembe za tembo, alibeba wazungu kwa tipoi, alibeba masanduku ya vita mpaka Tabora. "Nimebeba watu," amesema. "Sitabebwa na watu." Juu ya kamyo vilevile hapana. Anasema juu ya kamyo muntu anakuwa muzigo.

Basi ni motokari. Permi ya kuendesha ninayo tangu mwaka jana. Akiba ninayo, ya motokari ndogo. Ndogo sana.

Jumatano, 9

Duka la Mureno. Iko motokari mupya ya Wadachi, mashini nyuma, mugongo wa kobe. Nzuri, loo. Nilifungua mulango, nikaufunga, nikaufungua tena. Mureno akaangalia viatu vyangu. Bei nilimuomba airudie, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini masikio yangu. Hata nikiuza kinga, baiskeli yangu, na pete ya muke wangu Mwavita, haitoshi. Na Mwavita haitoi ile pete.

Nilidhani Baba atachukia kitu cha Wadachi kwa sababu ya vita. Nikamuuliza kwa ujanja. Akasema Wadachi hawakumutwika kitu, aliwasikia kwa mbali tu, bunduki zao. Sikuelewa. Nilicheka nikaenda kula.

Ijumaa, 11

Mugiriki wa njia ya soko anauza yake ya Uingereza. Rangi ya maziwa, viti vya ngozi, bei ninaiweza. Nikalala chini yake na suruali ya kazi. Watu wakasimama kuangalia: karani anatafuta nini chini ya motokari? Ninatafuta nafasi. Hakuna. Tumbo liko chini, ngumi yangu imepita kwa shida. Njia ya Pangi ina mawe, na kamyo zimechimba mifereji pande zote mbili. Tungeacha mashini huko tukarudi na viti.

Nikamushukuru Mugiriki. Alikasirika. Mimi pia, maana vile viti vilinipendeza.

Jumamosi, 12

Nimeipata.

Bwana shamba muzungu, yule aliyefundisha mupunga huko Kibombo, anarudi kwao. Motokari yake ni ya Wafaransa. Paa la kitambaa, bati jembamba, taa mbili zimetoka nje kama macho ya chura. Mbaya, sitaki kusema uongo. Mwavita ameiona akasema nimenunua banda la kuku na kuku wenyewe hatuna.

Lakini miguu yake mirefu. Muzungu aliiingiza kwenye shimo mbele yangu makusudi. Gurudumu likazama, kiti hakikushtuka. Mafuta inakunywa kidogo. Mashini ni ndogo, mimi mwenyewe ninaweza kuifungua. Na akapunguza bei bila kuombwa. Anasema zamani nilimutafutia masanduku yake yaliyopotelea magazini, siku mbili nzima. Mimi nilikuwa nimesahau. Mungu amufikishe kwao salama. Nimelala na furaha.

Jumanne, 15

Nina hasira, hata kalamu inatoboa karatasi.

Leo nilimukalisha Baba ndani. Nilikuwa nimepangusa kiti, nimeweka muto. Kiti chenyewe ni mabomba ya chuma na kitambaa kimevutwa juu yake. Nikawasha, tukaenda kidogo tu, toka muembe mpaka jiko. Motokari ikayumba. Mbele, nyuma, mbele. Baba akashika mulango kwa mikono miwili.

"Simama. Hii njo tipoi."

Akashuka mwenyewe, akakaa chini kwenye muchanga.

Nilichagua kwa ajili ya mawe. Kwa ajili ya shimo, ya mafuta, ya bei. Kiti sikukifikiri hata. Mutoto wa mupagazi, na sikufikiri kiti! Mujinga mimi. Na pesa zimekwisha kwenda.

Jumatano, 16

Hatusemezani. Mwavita anapitisha chakula katikati yetu. Motokari iko uani. Kuku wa jirani wamelala juu ya paa, na Mwavita amenyamaza, ninamushukuru kwa hilo.

Ijumaa, 18

Baba amesema. Aliniita, nikae karibu, nisimukatize.

Anasema yeye alikuwa wa mbele, bega la kushoto. Anasema bega linajua muntu wa juu akisinzia. Akisinzia anazidi uzito, kila mara, na ninyi mnapanda mulima. Yule juu hajui kitu. Muzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Akikaa katika kile kiti changu, kikiyumba vile, anasikia watu wanne chini yake. Haoni kama ni magurudumu. Anasikia watu.

Miaka yote nimeishi naye, hakuniambia habari ya lile bega. Nimeona aibu kwa hasira yangu ya Jumanne.

Halafu akauliza motokari hii imetengenezwa na nani. Nikasema Wafaransa. Akafikiri. Hao hajawahi kuwabeba, akasema, labda atajaribu tena. Nikashukuru moyoni mpaka nikasahau kula.

Jumapili, 20

Nimeosha mashini. Chini ya bati la mbele iko kibati kidogo. Nikakipangusa. Jina la Wafaransa juu, na chini yake, kwa herufi ndogo: imeundwa Ubelgiji, na jina la muji.

Kumbe. Mimi, musomaji wa masanduku. Ninajua sahani imetoka wapi na sikusoma motokari yangu.

Sasa nimeelewa maneno yake juu ya Wadachi. Waliomutwika walikuwa Wabelgiji. Masanduku yao, pembe zao, tipoi zao.

Mwavita anasema nifunge mudomo, Muzee hajui kusoma. Kweli hajui. Njo maana siwezi kumudanganya. Alinipeleka shule ili nimusomee.

Jumatatu, 21

Nimemuambia.

Nilingoja aseme iuzwe. Badala yake akauliza neno ambalo sikulitazamia.

"Wale walioitengeneza, wao wenyewe wanaipanda?"

Alibeba pembe, hakupata hata mupini wa kisu wa pembe. Alibeba tipoi, hakuna siku alikaa kitini. Anataka kujua hilo tu. Kama wale nao wanatengeneza na kutembea kwa miguu, hatakaa juu ya jasho lao. Nikasema sijui. Masanduku hayaandikwi mambo hayo.

Dereva wa Pangi amepita tena. Shangazi anakunywa uji tu. Ameuliza kama kaka yake yuko njiani.

Jumatano, 23

Nimemuuliza shefu wa ateliye, mukubwa wa karakana ya treni. Ni Mubelgiji, sauti kubwa, miaka sita ananifokea kwa sababu ya vyuma vinavyochelewa. Sikuwa na muzungu mwingine wa kumuuliza. Nilimungoja mulangoni. Karani haulizi shefu habari za kwao.

Aliniangalia kana kwamba nimemuomba binti yake. Halafu akacheka, si kwa ubaya. Ni bahati yangu: mudogo wake anafanya kazi kiwanda cha motokari, muji uleule wa kile kibati. Anafunga milango. Milango tu, asubuhi mpaka jioni, mwaka hata mwaka. Alikwenda kazini kwa kinga miaka mingi kabla ya kununua yake. Shefu akatoa picha katika pochi. Ameniazima mpaka kesho, na kusema nikiipoteza nisionekane tena kazini.

Muntu huyu sijawahi kumupenda. Leo ninamushukuru, na ile shukrani sijui niiweke wapi.

Alhamisi, 24

Baba aliipeleka picha kwenye mwanga wa mulango. Motokari yetu ileile, macho ya chura. Ndani yuko mwanamuke na watoto watatu. Nje amesimama muzungu mwembamba, mukono juu ya paa.

Baba hakuangalia motokari. Aliangalia mukono. Kucha nyeusi, mafuta ya mashini, yale ambayo sabuni haitoi. Aliangalia mpaka macho yakatoka machozi kwa mwanga. Akasema hakujua kama kuna muzungu mwenye kucha namna ile.

"Huyu amepanda muzigo wake," akasema. "Twende tukamuone Wabiwa."

Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo. Picha nimeirudisha mikononi mwa shefu. Ruhusa nimeomba, nimepewa siku saba.

Jumapili, 27. Pangi

Tumefika. Mwili wote unauma. Niandike kabla sijasahau.

Tulivuka mto na kivuko, baki ya kwanza ya asubuhi. Baba alikaa ndani ya motokari, motokari juu ya baki, fimbo katikati ya magoti. Ng'ambo, njia ilipoanza kutuyumbisha, alishika mulango kama siku ile. Baadaye aliachia mukono mumoja, halafu wa pili. Jua lilipopanda nikasikia anakoroma. Baba, amesinzia ndani ya kiti. Nikapunguza mwendo, niliogopa hata kugusa breki.

Karibu na Pangi kuna mulima wa udongo mwekundu. Mvua ilikuwa imenyesha jana, wakati wa kiangazi, ajabu. Magurudumu yakazunguka bure, tukarudi nyuma. Wanaume waliokuwa shambani wakaja, watano au sita, wakaweka mabega nyuma ya motokari. Watu wema. Hawakuuliza sisi ni nani.

Baba akaamka. Akageuka, akaona yale mabega kwenye kioo.

"Fungua."

Nikamuambia ni padogo tu, Baba, tunafika juu sasa hivi. Akafungua mwenyewe. Akatia fimbo kwenye matope, akazunguka nyuma, akaweka mukono juu ya bati katikati ya wale vijana. Akasukuma.

Sikuweza kusimama. Ningesimama motokari ingewarudia wote. Nikaendelea na gia ya kwanza, ninalia, ninamuangalia katika kioo kidogo: kofia yake nyeupe, inapanda, inashuka, inapanda. Mulima wote. Na magoti yale. Juu nikazima mashini nikakimbia. Amekaa juu ya jiwe, anahema, matope mpaka kiunoni. Anacheka. Akawaita wale watu mumoja mumoja, akamupa kila mumoja mukono, akauliza jina lake. Wapagazi hawaulizwi majina, aliniambia baadaye.

Shangazi Wabiwa alikuwa amelazwa kivulini mbele ya nyumba. Mudogo, mifupa tu. Aliangalia matope ya kaka yake kutoka chini mpaka juu.

"Umekuja kwa miguu?"

"Nusu," Baba akasema.

Akacheka mpaka akakohoa. Wakashikana mikono. Halafu wakaanza kusema Kilega, lugha yao, haraka haraka, mimi ninapata nusu tu. Nikawaacha.

Jumanne, 29

Shangazi amekula samaki. Kidogo, lakini amekula, na chumvi ameomba mwenyewe. Magoti ya Baba yamevimba, wanakandwa wote wawili kwa majani yaleyale, mukeka uleule. Wanagombana juu ya jina la mbuzi aliyekufa zamani, kabla ya vita. Sijawahi kusikia Baba akigombana kwa furaha.

Alhamisi, 31

Baba harudi. Ameniambia asubuhi, kwa upole. Atakaa na dada yake mpaka mumoja wao atangulie. Nilikuwa ninajua tangu Jumapili. Hata hivyo imeniuma.

Alinisindikiza mpaka motokari, hatua ishirini, na fimbo. Akaipiga bati kwa kiganja, mara moja. Akaniambia asante. Baba yangu, kuniambia mimi asante. Nikawasha mashini.

Jumatatu, 4 mwezi wa nane

Kazi imeanza. Motokari nimeiacha uani, Mwavita ameomba aanike mahindi juu ya paa, nikakubali. Nimekwenda stesheni kwa miguu.

Nilitembea polepole. Asubuhi ya baridi kidogo, moshi wa majiko, watu wanasalimia. Nikaangalia miguu yangu ndani ya viatu. Mizima. Miaka thelathini na minane, na haijabeba muzigo wa muntu hata siku moja. Ninajua nani alibeba zamu yangu.