Mama alikuwa ananuka

Jumapili, alasiri. Manyunyu tangu alfajiri hapa mtaani Umoja, na baridi ya Julai haina huruma. Leo sikuenda kanisani. Nilituma ujumbe kwamba nina mafua.

Sina mafua. Nimemwaibisha babangu mbele ya watu, na nimeshindwa kukaa nao benchi moja.

Jana tulikusanyika nyumbani kwake mtaa wa Jericho kwa maombi. Mama ametimiza mwaka tangu atuache. Walikuja akina mama wa jumuiya ya kanisani, majirani, na wazee wawili waliofanya kazi na Baba katika kiwanda cha sabuni. Baba si mtu wa kuongea. Siku ya mazishi hakusema hata neno moja. Kwa hiyo jana alipoinuka mwenyewe bila kuitwa, akashika mgongo wa kiti, nyumba nzima ilitulia.

Akasema, "Mke wangu alikuwa ananuka. Mimi nikifika tu mlangoni..."

"Alikuwa ananukia, Baba," nikamkata.

Nafundisha Kiswahili gredi ya sita. Sikuishia hapo. Nikaeleza, na lile tabasamu langu la darasani, kwamba kinachonuka ni takataka, lakini maua hunukia, pilau hunukia, mtu aliyejipaka manukato hunukia. Watu wakacheka. Mama mmoja akasema mwalimu ni mwalimu hata siku ya maombi. Baba naye akacheka kidogo, akasema haya basi, ananukia, akaketi. Chai ikaletwa.

Yaliyokuwa yanafuata baada ya ule mlango, hakuna aliyeyasikia.

Nilijiambia nilikuwa natetea lugha. Huo ni uongo. Hata manukato yenyewe mzizi wake ni nuka, na hilo nalijua vizuri. Nilichokuwa natetea ni kitu kingine.

Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Jericho zaidi ya miaka ishirini. Harufu ile ilikuwa kwenye leso zake, kwenye nywele, hata kwenye gauni la Jumapili. Shuleni waliniita Omena. Nilipokuwa darasa la saba nilipata zawadi ya insha, na wazazi wakaalikwa. Nilimwambia Mama kwamba hawakualikwa. Nikapokea cheti changu nikipigiwa makofi na wazazi wa wengine. Jioni Mama alifuta mikono mara mbili kabla ya kukishika, akakisoma polepole, akanirudishia. Hakuuliza kitu.

Basi jana Baba alipolitamka lile neno, nilirudi kuwa yule msichana. Nilitaka kulifunika kabla mtu hajacheka. Na aliyewachekesha ni mimi.

Asubuhi, wengine wakiwa kanisani, nilienda Jericho. Nilimkuta Baba anachagua maharagwe kwenye sinia. Nikaketi, nikamwomba msamaha kwa kumsahihisha mbele za watu. Nikamwambia kwamba hapa mtaani kila mtu husema kunuka kwa harufu yoyote ile, na kwamba nilikuwa nimeelewa alichomaanisha.

Hakuinua macho. "Hukuelewa," akasema.

Akanieleza taratibu, mikono yake ikiendelea na maharagwe. Kwamba miaka yote ile ya kiwandani, sabuni ilimkaa puani hadi ugali ukawa na ladha ya ndimu. Hakuwa anasikia harufu ya kitu kingine. Si maua, si mvua, si hata moshi. Ni omena tu iliyoweza kupita. Akifika mlangoni ikampiga, alijua Mama amerudi salama kutoka sokoni na sisi tutakula.

"Nilimaanisha kunuka," akasema. "Mamako alinuka omena, na mimi niliingojea hiyo harufu siku nzima. Wewe ukamgeuza maua."

Nililia. Sikupanga kumwambia habari ya cheti, lakini ilitoka yote, pamoja na ule uongo. Nilidhani atanikemea. Akaondoa jiwe dogo kwenye sinia, akaliweka kando.

"Mamako alijua. Jirani mmoja alimwambia. Mamako akaja mpaka kwenye geti la shule, akasimama hapo nje. Alikuona ukipewa, akapiga makofi kimya kimya, kisha akarudi sokoni."

Nilimuuliza mbona Mama hakuwahi kuniambia.

"Alisema ulikuwa na furaha. Alisema tukuache nayo."

Nimerudi nyumbani nimelowa na sijabadilisha nguo. Niliposimama kuondoka nilimwambia kwamba Alhamisi, jumuiya ikikutana, nitasimama niwaeleze kuwa nilimkatiza na kwamba neno lake lilikuwa sahihi. Amekataa. Amesema atasimama mwenyewe amalizie, mradi mimi ninyamaze.

Nitanyamaza. Watu wakicheka, wacheke. Hilo la Baba naona litapona.

Lakini yule mwanamke aliyesimama nje ya geti, akapiga makofi kimya kimya ili nisiaibike, yeye nitamwomba msamaha wapi?