Chupa ya Ayodini

Ilala, Dar es Salaam
14 Oktoba 1984

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hayo magoti yanakuachia upumzike siku hizi? Mvua za Ushirombo zimeanza, au bado mnatazama mawingu tu? Hapa kwa Kaka Muhidini sote wazima, na wifi ananilisha kama mwari.

Najua unachosubiri ni habari za shingo yangu. Hospitalini walininywesha dawa kidogo yenye mionzi ya nyuklia, isiyo na ladha wala harufu. Kesho yake nikalazwa chini ya mashine iliyotambaa polepole juu ya shingo, ikigonga nukta kwenye karatasi. Daktari Valerian alinieleza kwamba tezi ya shingoni hula ayodini, na dawa ile nayo ni ayodini. Sehemu ya tezi inayofanya kazi huila, na hapo nukta hujaa. Karatasi yangu ilitoka karibu tupu. Akashangaa, akauliza kama natumia dawa nyingine. Nikasema hapana.

Uongo huo uliniuma. Nilikumbuka jioni zetu uani, ukinipaka ayodini ya zahanati ya misheni kwa unyoya wa kuku, ukininong'onea dua ili uvimbe uyeyuke. Tangu mama mdogo Tabu afie mezani kwa daktari, uliapa kisu hakitagusa shingo yangu. Kola zangu zote za shule zilipata madoa. Jirani Mzee Bartholomeo, na uchimbaji wake wa dhahabu, alinitania kwamba siku nikikubali uvimbe uchimbwe tutagawana dhahabu nusu kwa nusu. Mimi nilicheka, wewe ukanuna. Mama, natamani mno jioni zile. Ndiyo maana hata huku nilijipaka kila siku, nikafunika kwa mtandio.

Siku ya tatu nilirudi nikamwambia daktari ukweli. Hakunifokea. Alisema tezi ilikwisha kushiba ayodini ya chupa. Niache kupaka, nirudi baada ya wiki sita.

Sasa nisamehe, Mama. Chupa uliyonifungia kwenye kanga niliimwaga mwenyewe. Picha ya pili ilitoka jana: kote kumejaa nukta, ila penye uvimbe pamebaki peupe. Daktari anahofia ni saratani, na lazima ikatwe. Nimeshatia saini. Upasuaji ni Alhamisi, kabla barua hii haijakufikia. Naogopa sana, lakini hakuna aliyenilazimisha, kwa hiyo usimlaumu Kaka.

Nisalimie Mwanaima na majirani wote.

Nimeambiwa sauti yangu inaweza kubadilika. Nikibisha hodi ukasikia sauti usiyoijua, usiulize nani. Fungua.

Mwanao,
Mwahija