Ganzi Yangu Ni 7316

Alhamisi, Februari 2016. Buffalo.

Theluji inaanguka tangu alfajiri na gari la kuiondoa bado halijapita mtaani kwetu, huku Bailey. Lakini leo, shajara, sikukufungua ili nikusimulie theluji. Barua imekuja.

Wamekataa.

Bima ya kazini haitalipia upasuaji wa mkono wangu wa kulia, kwa sababu fomu ya kwanza niliyojaza ghalani ninakofanya kazi, mwezi wa kumi na moja, inasema sina maumivu. Jumatatu saa nne asubuhi ninayo nafasi moja ya kujieleza mbele ya mwamuzi. Daktari alishaniambia kwamba mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, na ukiachwa hivyo, vidole vitatu vinaweza visirudi tena. Gumba, cha shahada, cha kati. Kwa fundi cherehani, hivyo vitatu ndio mkono wenyewe.

Wameambatanisha nakala ya fomu. Nikampa binti yangu Divine, ana miaka kumi na minne, anisomee polepole. Mstari wa nne una visanduku vimepangwa. Cha kwanza kinauliza maumivu, kuanzia sifuri hadi kumi. Nimeandika 0. Cha pili kimeandikwa "Numb". Nimeandika 7316.

Divine alicheka mpaka akakaa chini. "Mama! Hiyo siyo namba. Hiyo ni, unajua, mguu ukilala? Ukiupiga husikii?"

"Ganzi," nikasema.

"Eeh, hiyo. Umeandika una ganzi elfu saba!"

7316 ni namba ya beji yangu.

Niliona "Numb" nikajua wamefupisha "Number", namba, kama wanavyofupisha kila kitu nchi hii. Nani aandike herufi ya mwisho halafu asiitamke? Divine aliponitazama usoni, kicheko kikamwisha.

Mimi si mtu wa kukosea fomu. Nimejaza za kambini Kigoma, za safari, za uraia, za shule ya watoto watatu, na hakuna aliyenishika mkono. Nilitua Louisville mwaka 2008 bila kumjua mtu. Miezi sita baadaye nilikuwa na cherehani yangu na wateja wa harusi. Namba ndizo lugha yangu. Ghalani sisomi jina la bidhaa hata siku moja, nasoma tarakimu nne za mwisho na mkono unakwenda. Ndiyo maana jina langu lilikuwa juu kwenye ubao wa kasi, wiki baada ya wiki, na hao waliokuwa chini yangu ndio waliozaliwa na Kiingereza mdomoni.

Na yule bwana wa huduma ya kwanza, aliyepokea fomu? Aliona ganzi ya 7316, akapiga muhuri. Hakuuliza kitu.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba neno hilo nilikuwa nalishika mwenyewe. Kabla ya kuhamia huku, nilifungasha dawa za kupaka Columbus miaka mitatu. Leo nimetoa tyubu moja kwenye droo, Divine akanisomea: imeandikwa mbele, kwa herufi nene, kwamba dawa hii inatia ganzi. Nikapiga hesabu. Katoni 140 kwa saa, saa kumi, siku nne kwa wiki, wiki hamsini, miaka mitatu: laki nane na arobaini elfu. Hata tuseme moja tu kati ya ishirini ilikuwa ya dawa hiyo. Neno limepita mikononi mwangu mara elfu arobaini na mbili.

Sikulisoma hata mara moja.

Cha kuchekesha, la Kirusi nilikuwa nalo. Mezani kwangu Columbus alikuwepo Galina, mwalimu mstaafu kutoka Tashkenti, anayeongea Kirusi na Kiingereza kibovu kama changu. Wakati wa chai alikuwa anakung'uta mkono na kusema, "Ruka onemela." Nilipomuuliza maana yake, alijibana midomo kwa vidole viwili, akauonyesha mkono. Mkono umekuwa bubu. Ndivyo wanavyosema ganzi. Na kupunguza maumivu wana neno, "zaglushit", akaziba masikio: ni kama kuyafanya yasisikike. Neno lao la kutuliza nalo limepakana na neno la marehemu. Siku ya kunieleza hilo alijilaza kwenye benchi, akafumba macho na kukunja mikono kifuani, msimamizi akaja mbio akidhani amezimia.

Kiingereza hakina huruma hiyo. Daktari wa hapa aliniuliza kama maumivu ni makali au ni "dull". Neno hilo nilikuwa nalijua kwa kisu butu na kwa mtoto mzito darasani. Kwetu kisu ndicho kinachokuwa butu, maumivu hayawi. Lakini na sisi tuna letu: mkono ukifa ganzi husikii kitu, ukila limau meno yakaingia ganzi unasikia kupita kiasi. Neno moja kwa mambo mawili. Ningelijua la Kiingereza, je, ningeeleza ipi?

Mchana nimempigia Galina. Sikutaka ushauri, nilitaka mtu wa kukasirika naye. Nikamsimulia beji, akacheka, nikamwacha acheke. Nikamsimulia ile sifuri.

"Mkono ndio umekuwa bubu," akasema. "Wewe nani alikuziba mdomo?"

Nimekuwa nalo swali hilo tangu saa nane.

Haya. Hapa hakuna mwamuzi, niseme. Mchana, ni kweli, mkono haukuuma. Ulikuwa kama glovu iliyojazwa mchanga. Lakini nikilala uliwaka moto, wiki sita mfululizo kabla ya ile fomu. Nilikuwa naupaka dawa ya kwenye tyubu, yaani natia ganzi juu ya ganzi, asubuhi naenda kazini nikiwa wa kwanza kwenye ubao. Swali la sifuri hadi kumi nililielewa vizuri kabisa. Niliwaona wawili walioandika saba na nane: walipelekwa nyumbani wakapumzike, na hawakuitwa tena. Nikaandika 0 kwa mwandiko mzuri.

Dada yangu Joselyne, yeye alibaki Highview kule Louisville, amenipigia jioni. Kwake jambo ni jepesi. "We na kiburi chako! Waambie hukujua Kiingereza. Onyesha ile beji, lia kidogo, yaishe. Mambo ya usiku nani anakuuliza?"

Ana hoja. Kosa la beji linaonekana kwa macho, wote watacheka, na mtu akishacheka ni rahisi kukuonea huruma. Nikikubali kwamba sifuri ilikuwa uongo, watasema mwongo wa Novemba ni mwongo wa Februari.

Nilikuwa nimeshaamua kumsikiliza. Nikataka tu namba za kwenda nazo, maana bila namba mimi huwa sijisikii nimevaa. Nikamwita Divine, nikampa pini ya kushonea, nikafumba macho. Nikamwambia anichome mara kumi kila kidole, nami nitahesabu ninazosikia.

Kidole kidogo: kumi kati ya kumi. Cha pete: saba. Vizuri. Nikamnyooshea cha kati, nikasubiri.

"Anza basi," nikasema.

Sikusikia pini.

"Divine, chezea simu baadaye. Anza."

"Mama," akasema, na sauti yake haikuwa ya kucheka. "Nimeshamaliza. Kumi."

Nikafumbua macho. Alikuwa ameiweka pini mezani, mbali, na amekishika kidole changu kwa mikono yake yote miwili. Kilikuwa na tone la damu. Akaniuliza kitu ambacho dada yangu anasema hakuna atakayeuliza.

"Tangu lini?"

Nilifungua mdomo nimwambie tangu Novemba, kama fomu inavyosema. Nikamwambia tangu Septemba. Nikamwambia na usiku, na moto, na wale wawili. Alisikiliza bila kutazama simu hata mara moja. Halafu akachukua kalamu, akaniandikia kwenye karatasi safi: kidogo 10, pete 7, kati 0. Gumba na shahada tutavipima kesho, leo amekataa kunichoma tena.

Jumatatu nitawaambia lile neno sikulijua. Kisha nitawaambia ile sifuri niliijua. Wakininyima, basi wataninyima wakiwa na namba sahihi.