Kitufe cha Mama Verdiane

Seven Hills, Sydney
4 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Assalaamu alaykum. Mimi mzima, nakula, nalala, na joto la huku tumeshazoeana. Goti lako vipi? Yule daktari wa sindano ulimrudia, au ulimkimbia tena?

Umeniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana majirani wakikuuliza unajibu "yuko kwenye kompyuta" kisha unaona haya. Basi nakueleza. Wewe uliyekaa miaka kumi na tisa kwenye chumba cha simu ukiunganisha watu utaelewa kuliko wengi.

Kampuni yetu ni ndogo, iko katikati ya maghala, dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni. Tunafunga vifaa kwenye makao ya wazee. Kila mzee anavaa kitufe shingoni. Akianguka au akizidiwa, anabonyeza. Kitufe kinaongea na kisanduku kilicho ukutani chumbani mwake, kisanduku kinaongea na ruta ya makao, na ruta inapeleka habari kwenye seva yetu, ambayo ndiyo inayoziita simu za wahudumu. Tulikuwa na makao kumi na moja. Sasa tumepata sitini, Sydney nzima, na yote yaunganishwe kabla ya Juni.

Ubishi ni wa namna ya kuyaunganisha. Njia ya kwanza ni daraja: makao yote yanakuwa kama nyumba moja kubwa, kifaa kimoja kikiuliza "nani yupo?" swali linafika kila chumba. Ni rahisi, inafungwa upesi. Njia ya pili ni kila makao yabaki peke yake, na ruta ikae mlangoni, isome anwani, ipeleke kila ujumbe unakotakiwa tu. Hiyo inataka mipango na muda. Mwenzangu Balthazar, Mrundi anayekaa Mount Druitt, anang'ang'ania ya pili. Bosi anataka ya kwanza. Jana bosi akanigeukia mbele ya wote: "Safaa, daraja litabeba makao sitini?"

Nikasema litabeba.

Mama, sijui kwa nini nilijibu haraka vile. Nina miezi mitano tu hapa, na viza yangu imeshikiliwa na kazi hii. Balthazar aliniangalia, akarudi kwenye mchoro wake.

Mwanao,
Safaa


Tanga
10 Februari 2025

Mwanangu Safaa,

Waalaykumu salaam, na marahaba. Sisi hatujambo. Goti ni goti. Daktari sikumrudia na wala usinisumbue.

Barua pepe yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani. Ndiyo maana napenda uniandikie. Simu nilizichoka, miaka yote ile ya sauti za watu masikioni imenitosha.

Hiyo nyumba moja kubwa naijua. Tulikuwa na laini moja iliyokwenda mashamba ya mkonge. Ikilia kwa mmoja, inalia kwa wote. Mashamba yalipokuwa manne, watu walistahiana. Yalipofika kumi na matatu, hapakuwa na saa ambayo laini ilikuwa tupu. Na mtu mmoja akisahau mkono wa simu mezani, akaenda zake kula, mashamba yote yanakuwa mabubu mpaka amalize.

Sasa nikuulize, mimi mjinga wa mambo yenu: huko kwenu, ni nani anayezuia mtu mmoja asiwanyamazishe wote?

Huyo Balthazar ana familia? Anaonekana mtu wa kufikiri kabla ya kusema. Kaa naye karibu.

Mama yako


Seven Hills
8 Machi 2025

Mama,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Nafuturu kwa tende za dukani na uji ninaoupika mwenyewe. Hauwi kama wako, lakini unashuka. Natumai afya yako inaruhusu funga. Kama goti linataka dawa mchana, usifanye ushujaa.

Swali lako lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa ofisini. Jibu ni kwamba ipo kinga. Ujumbe ukipata njia ya kuzunguka na kurudi ulikotoka, kinga inaifunga njia hiyo. Tatizo ni kwamba inachukua nusu dakika kukagua kila kifaa kinapowashwa, na visanduku vyetu havina subira, vinakata tamaa vikidhani mtandao haupo. Kwa hiyo nimeizima kwa muda, mpaka tumalize kufunga. Nilitumia akaunti ya Balthazar, yangu hairuhusiwi kugusa sehemu ile, na nenosiri lake alinipa Januari kwa kazi nyingine. Nitairudisha. Makao arobaini na mawili yameshaungwa na hakuna yaliyokwama. Bosi amenisifu.

Ngoja nikusimulie la juzi. Nilikwenda Campbelltown, mbali kweli, treni unalala unaamka bado hujafika. Pale nikakuta mama wa Kikongo, Mama Verdiane, ana miaka themanini na mmoja, Kiingereza hajui. Wahudumu wakafurahi kusikia nazungumza Kiswahili, wakaniomba nimfundishe kitufe. Nikakaa kitandani kwake.

"Ukianguka, bonyeza hapa."

"Kufinya hapa?" Kwao kubonyeza ni kufinya.

"Ndiyo, hapo."

"Halafu mtu atakuja?"

"Atakuja."

Akanishika mkono akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia jina lako.

Ana mtoto mmoja tu huku, Précieux, dereva wa malori, anamtembelea Jumapili. Balthazar ana mke, Nella, na mabinti wawili. Umeridhika?

Mwanao,
Safaa


Tanga
15 Aprili 2025

Safaa mwanangu,

Salaam nyingi. Idi imepita, nimepika, nimegawa, nimewaombea wote. Salamu yako ya Idi sikuiona. Nilidhani mtandao, lakini shangazi yako Saleha anasema anaona umesoma ujumbe wake.

Kama ni kazi nyingi, sema kazi nyingi.

Mama yako


Tanga
3 Mei 2025

Safaa,

Hujambo? Sikuulizi kingine. Nijibu neno moja, "mzima", nitashukuru.

Mama


Seven Hills
12 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Mwili mzima. Nisamehe kwa Idi na kwa yote.

Tarehe ishirini na saba Machi, asubuhi, kwenye mojawapo ya makao, mfanyakazi wa usafi alikuta ncha ya waya imening'inia ukutani. Akaona tundu tupu kwenye swichi, kile kifaa cha kugawia nyaya za mtandao, akaichomeka. Wema tu. Ncha nyingine ya waya ule ilikuwa imeshachomekwa kwenye swichi ileile. Basi ujumbe ukatoka, ukazunguka, ukarudi, ukatoka tena, na kila ukizunguka unazaa mwingine. Kwa sababu makao yote ni nyumba moja, ukamiminika kote. Ndani ya dakika moja hakuna kifaa kilichoweza kusikia kingine. Kinga ingeifunga njia ile papo hapo. Kinga nilikuwa nimeizima, sikuwa nimeirudisha.

Kwa muda wa saa tatu vitufe vyote havikufanya kazi, na hakuna aliyejua, maana kwenye simu za wahudumu kimya kinaonekana kama amani.

Mama Verdiane alianguka bafuni. Alilala sakafuni kwa muda wa karibu saa mbili. Amevunjika nyonga. Yuko hai, hospitalini.

Kuna uchunguzi. Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha aliyeizima kinga ni Balthazar. Bosi alisoma jina lake kwenye kikao, na mimi nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwa Balthazar. Sikufungua mdomo. Yeye naye hakufungua. Alichukua begi lake akatoka. Nikamkimbilia mpaka maegeshoni.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Mimi niko na pasipoti ya hapa," akasema. "Wewe uko na viza. Mimi nitapata kazi ingine. Wewe watakurudisha."

"Lakini si wewe."

"Nenosiri nilikupa mimi. Nenda ndani, Safaa."

Nikaenda ndani, mama. Wiki sita sasa ninaingia ndani kila asubuhi.

Na kuna jingine. Seva haikupokea kitu chochote kutoka chumba cha Mama Verdiane. Kwa hiyo ripoti ya makao inasema hakubonyeza. Wanasema akili imeanza kumpotea.

Usinijibu haraka.

Safaa


Tanga
14 Mei 2025

Mwanangu,

Nimeshukuru kusikia sauti yako, hata kwa habari hii. Umesema nisijibu haraka. Nimekaa siku mbili, zaidi sikuweza.

Sikukuambia hili wala marehemu baba yako sikumwambia. Mwaka themanini na sita nilikuwa zamu peke yangu. Hospitali moja ya bara ilikuwa hewani inatafuta daktari, kuna mzazi amekwama. Mkubwa mmoja akapiga, anataka laini ileile, anafoka, anauliza jina langu. Nikaogopa. Nikachomoa hospitali nikamwunganisha yeye. Alizungumza dakika arobaini, habari za gari. Nilipowarudia hospitali wakaniambia hapana haja tena.

Kwenye daftari la zamu niliandika "laini mbovu". Hakuna aliyeniuliza, na walipostaafisha watu walinipa cheti cha utumishi mwema. Kiko kabatini, sijakitundika.

Sikuandikii hivi ili ulie. Nakuandikia kwa sababu nilikuwa na siku moja ya kusema, ile ya kwanza, na ya pili ikawa ngumu kidogo, na baada ya mwezi yule mama akawa hana jina tena. Wako ana jina na yuko hai.

Sitakuamulia. Viza siijui, maisha ya huko siyajui. Chumba chako kipo, nimebadilisha pazia tu.

Mama yako


Seven Hills
22 Juni 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta na nafuu, na kwamba mvua za huko zimeacha kuingia jikoni. Mimi huku nimevaa sweta mbili na nina mengi ya kusema, kwa hiyo kaa vizuri.

Barua yako niliisoma kwenye treni, nikapitiliza vituo viwili. Kesho yake nikaingia kwa bosi nikamwambia kinga niliizima mimi. Akafunga mlango. Akaniambia faili limeshafungwa, Balthazar ameshaondoka, wateja wametulia, nikilifungua nitaumiza kila mtu na mimi wa kwanza. Hakuwa na hasira hata kidogo, alizungumza kama mtu anayenipa msaada. Halafu akanipa kazi: wiki ile tulikuwa tunakusanya visanduku vyote vya vyumbani ili vifutwe na kuwekewa programu mpya.

Nilikuwa nimefika kwenye dawati langu ndipo nikasimama. Vifutwe. Mama, kisanduku hakina akili nyingi, lakini kina kumbukumbu yake chenyewe. Kitufe kikibonyezwa, kwanza kisanduku kinahesabu na kuandika saa, ndipo kinajaribu kupeleka habari. Seva haikupata kitu kwa sababu njia ilikuwa imeziba. Lakini kisanduku kilikuwa palepale ukutani, hatua nne kutoka bafuni.

Sikungoja. Nilipanda treni ya Campbelltown. Chumba cha Mama Verdiane kilikuwa kimefungwa. Mhudumu akanifungulia: kitanda kimetandikwa, khanga yake juu ya kiti. Nikachomeka kompyuta, nikafungua tarehe ishirini na saba Machi.

Sitini na tatu. Alibonyeza mara sitini na tatu. Mwanzoni karibu kila dakika, baadaye kwa mapengo, halafu mara tisa mfululizo, halafu basi.

Nilikaa kwenye kile kiti mpaka mhudumu akarudi kuniuliza kama naumwa.

Nikaandika yote: kinga, akaunti niliyotumia, nenosiri, jibu nililotoa kikaoni Februari. Nikaambatisha kumbukumbu za kisanduku, nikazipeleka kwa wachunguzi, kwa meneja wa makao, na nakala kwa bosi. Siku mbili baadaye nikaambiwa nisije tena. Kwa viza ninao muda wa kutafuta mwajiri mwingine, si mrefu. Nimeomba sehemu nne. Nikishindwa nitarudi, na hilo pazia nitalizoea.

Balthazar wamemwita arudi. Alisita wiki nzima, kisha akakubali. Alinijia na Nella, akiwa amekasirika kweli, akasema nimemwaga bure alichonifanyia. Nella akamwambia, "Nyamaza, unywe chai." Akanywa. Kabla hawajaondoka akanionyesha mchoro: kila makao peke yake na ruta yake mlangoni, na kengele italia palepale korido hata kama dunia nzima imekatika. Akaniomba nitafute kasoro. Nikaipata moja. Akaiandika.

Lakini ninachotaka kukusimulia ni cha Jumapili. Nilikwenda hospitali. Précieux alikuwepo, mtu mpana, mikono ya usukani, amesimama dirishani. Alijua mimi ni nani. Barua yangu ilimfikia kupitia makao. Hakunisalimu, na haki yake. Kwenye meza palikuwa na fomu, pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili, za kumhamishia mama yake kwenye wodi ya waliopotewa na akili, ile inayofungwa kwa namba mlangoni. Sahihi yake ilikuwa bado.

Mama Verdiane amekuwa mdogo, mama. Nikapiga magoti pembeni ya kitanda nikamwambia: kitufe kilikuwa kizima, mkono wako ulikuwa mzima, mtandao ndio uliokufa, na niliyeuua ni mimi.

Akageuza uso kwangu.

"Mimi nilifinya?" akauliza.

"Ulifinya."

"Wananiambia sikufinya. Kila siku wananiambia. Mpaka mimi mwenyewe nikasema, labda nilisahau, labda niliota."

"Hukusahau. Ulifinya mara sitini na tatu. Nimeziona, zina saa na dakika."

Hakulia, na hakunisamehe pia; neno hilo halikutajwa. Alimgeukia mwanawe kule dirishani, akanyoosha shingo kama mwalimu.

"Précieux. Umesikia hesabu?"

"Nimesikia, mama."

"Sema."

"Sitini na tatu."

"Basi leta miwani yangu," akasema, "hizo karatasi nizisome mwenyewe."

Mwanao,
Safaa