Oili Chafu Kwenye Cheni Yako

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila hiyo nitakuwa naona jicho lako mpaka mwisho wa barua.

Nakuandikia nikiwa kwenye banda letu la kutengeneza pikipiki hapa Nyamisangura, nimekaa kwenye lile tairi lako, na mikono inanuka. Si harufu ya kazi unayoijua. Ni oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini, nyeusi tii, inanuka kuungua. Nimenawa kwa sabuni ya unga mara tatu na bado naisikia mpaka kwenye ugali. Nimechefukwa, Baba. Na pikipiki yako, na baba mdogo, na mimi mwenyewe zaidi.

Ulipoondoka, wazee walisema vitu vyako visiguswe mpaka tanga liishe. Sawa. Pikipiki ikakaa nyuma ya nyumba chini ya turubai. Baba mdogo Chacha akaona mvua zinaanza, akaogopa isije ikashika kutu kabla hajakabidhiwa. Basi akachukua dumu zima la oili chafu akaimwagia cheni, na sproketi, na ringi, mpaka tairi. Kwa heshima yako, ndivyo alivyoniambia: "Nimemtunzia kaka." Siku ya kumaliza tanga nikainua turubai nikakuta kitu kinadondosha ute mweusi, na manyoya ya kuku yamenasa kwenye cheni kila mahali. Nilitema mate mbele ya wazee. Shangazi alinisema sana, na sikuomba msamaha.

Wewe ulikuwa unaisafisha kila Jumamosi kabla ya kunywa chai. Stendi kubwa, injini imezimwa, mswaki wa zamani na mafuta ya taa, kitambaa kikavu. Halafu oili mpya, ile nzito namba tisini, tone kwa tone, upande wa ndani wa cheni, huku mimi nazungusha tairi kwa mkono. Tunasubiri iingie, kisha tunafuta iliyobaki juu, na mimi nauliza kila wiki kwa nini tunafuta mafuta tuliyoweka wenyewe. "Ya ndani ni ya cheni. Ya nje ni ya vumbi." Ndipo unatoa leso yako nyeupe, ile ya kanisani, unaipitisha kwenye cheni mteja akiona. Ikitoka na doa, unanirudishia mswaki. "Rudia." Hukuwahi kunifokea, neno lilikuwa hilo moja tu. Siku leso ilipotoka safi mara ya kwanza uliniita mura, kama kijana wa kiume, mimi binti, wateja wakaangua kicheko, na mimi nikaenda nyuma ya banda kulia kwa furaha.

Sasa wateja hawataki leso. Wanataka cheni iloe, iwe nyeusi, inyamaze. "Dada fundi, mwagia kidogo niwahi abiria." Nawaambia barabara ya Nyamongo ni vumbi tupu, na vumbi likikutana na hiyo oili linakuwa uji wenye mchanga, unasaga cheni siku nzima. Wananicheka, wanavuka kwa jamaa wa ng'ambo ya barabara mwenye kopo lake la oili chafu.

Basi na mimi nikaweka kopo. Lililokuwa la rangi, hapo mlangoni, ulipokuwa unaweka mswaki. Nimekuja kupalilia kaburi lako mara mbili na mara zote mbili sikukwambia.

Mwezi uliopita baba mdogo alipita hapa na pikipiki yako, Mama nyuma, wanaenda Morotonga kumwona mama mkubwa. Cheni inapiga kelele, imelegea mpaka inagonga kava lake. Niliiona, Baba. Wewe ulinifundisha icheze upana wa vidole viwili tu, na ile ilikuwa inacheza kiganja kizima. Ilikuwa ya kufungua na kutupa. Baba mdogo hakuzima hata injini. "Mwagia tu, Bhoke, tumechelewa." Mama alikuwa amejifunika kanga kwa ajili ya vumbi, ananiangalia. Nikachukua kopo nikamwaga. Kelele ikaisha, wakaondoka.

Kabla ya kufika Kerende, kwenye mteremko, cheni iliruka ikajisokota nyuma, tairi likajifunga. Baba mdogo alichubuka goti. Mama alivunjika mkono wa kulia, huo huo wa kusongea ugali.

Watu wakaja kutoa pole. Wakalaani barabara. Baba mdogo akalaani malori ya mawe. Na mimi nimekaa pale pembeni ya kitanda cha Mama, naitikia "tumeshapoa, asante," mdomo mtamu kabisa. Kinyaa nilichokisikia siku hiyo kinazidi cha manyoya ya kuku.

Jana baba mdogo aliikokota pikipiki mpaka hapa, akasema niitunze mimi, yeye imemshinda. Nimekwangua kwa kijiti. Umetoka uji mweusi, mchanga, nywele, na unyoya mmoja, Baba, bado wa siku za tanga lako. Cheni nimeitupa, nimefunga mpya. Kopo nimelifunga kwa waya na halitafunguliwa tena humu.

Leo asubuhi nimemwambia Mama kwamba ile oili iliyowaangusha ilitoka mkononi mwangu, na kwamba niliiona cheni imelegea. Hakunipa pole wala hakunilaumu. Akaniambia, "Nipeleke bandani."

Alikaa kwenye benchi la wateja na mkono wake wa plasta, akanitazama nikisafisha sproketi na kutia cheni mafuta mpaka nilipomaliza. Nikafuta, nikasimama. Mama akachomoa kitu kifuani kwa mkono wa kushoto. Leso yako. Sikujua kama ameiweka. Akainama kwa taabu, akaipitisha kwenye cheni mpaka kwenye meno ya sproketi, akaigeuza kwenye mwanga. Doa lilikuwa dogo kama punje ya ulezi. Akaokota mswaki akanipa.

"Rudia."

Bado yupo hapo kwenye benchi, ananisubiri nimalize kuandika. Amesema hatapanda mpaka leso itoke safi, na akipanda, nitaendesha mimi. Nimemuahidi, na wewe nakuahidi: hakuna pikipiki itakayotoka kwenye banda lako bila kupita kwenye leso hiyo, hata wateja wote wavuke barabara.

Lala, Baba. Narudia.

Binti yako,
Bhoke