Kijiko cha Maziwa Katika Mlenda wa Mama

Jumatatu, 2 Juni

Nimefika jikoni saa kumi na mbili na nusu. Karanga zimepepetwa, magadi yamechujwa. Vizuri. Bwana Shabani, mwenye mgahawa, amekuja na jambo jipya: kila mpishi atoe chakula kimoja cha kwao, namna ya kukipika iandikwe na kubandikwa ukutani, kisha wenzake wajifunze kukipika. Nimetoa mlenda mkavu wa mama yangu, mboga ya kuteleza ya kwetu Nduguti. Nimeunakili kutoka daftari nililoandika mwaka nilipomaliza chuo cha ualimu. Siku hiyo mama alipika, nami nilipima kila alichoshika kabla hakijaingia chunguni. Vipimo kamili. Jina la mama chini yake.

Zaina, mpishi mwenzangu, mwenyeji wa Kintinku, ametoa kuku wa bibi yake. Karatasi yake haina kipimo hata kimoja. "Chumvi ya kutosha." Ya kumtosha nani?

Jumatano, 4 Juni

Zamu ya Zaina kupika mlenda wa mama. Nilimsimamia. Alifuata karatasi vizuri mpaka alipoepua chungu. Nikageuka kunawa mikono. Nilipomtazama tena alikuwa anatia maziwa ya mgando na kuyakoroga kwa kijiti cha upekecho.

Nilimuuliza anafanya nini.

"Naulainisha, Mwalimu. Bibi yangu hakuuacha hivihivi."

Nilimwambia kwamba bibi yake si mama yangu. Akasema, "Jamani, hata mlenda unasahihishwa kwa kalamu nyekundu?" Jiko zima likacheka. Nami nilisimama pale na taulo mkononi, mtu mzima, nikichekwa.

Nimekasirika. Hata sasa mwandiko wangu umepinda.

Alhamisi, 5 Juni

Amerudia. Mbele ya macho yangu.

Chungu kimekwisha kabla ya saa nane mchana. Hiyo si hoja. Mtu mwenye njaa husifu chochote. Hoja ni jina. Mama yuko kaburini, hawezi kujitetea, na kinachopikwa chini ya jina lake ni uongo.

Nimemwambia Bwana Shabani: Zaina aondoke jikoni, au nitaondoka mimi. Amejikuna kidevu. Ameomba nimpe mpaka Jumatatu. Atamwondoa Zaina. Najua, kwa kuwa ananiogopa. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma.

Zaina alikuwa mlangoni, amesikia. Leo hakucheka. Ana watoto watatu na hana kazi nyingine. Angefikiri hayo kabla ya kuchukua maziwa.

Jumamosi, 7 Juni

Mdogo wangu Debora amefika kwa basi kutoka Nduguti. Jumatatu atapimwa macho. Mchana nimempeleka mgahawani kwa makusudi. Nilimwagizia ugali wa mtama na mlenda wa Zaina. Mimi sikula. Nilitaka aonje, kisha aseme mbele ya wote kwamba huo si mlenda wa mama.

Alimeza tonge la kwanza. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Dada, hatimaye umetia maziwa."

Nilimuuliza maziwa gani.

"Ya mama. Si alikuwa anatia akishaepua? Sisi tulidhani wewe huyapendi."

Zaina alikuwa anafuta meza ya pili. Alisikia kila neno. Hakuinua uso.

Nimepika mlenda huo sikukuu zote za ukoo. Misibani pia. Nimewapikia wajomba, mashangazi na wakwe. Wote walikula, wakashukuru. Nilimuuliza Debora kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia.

"Nani angekusahihisha wewe, dada?"

Alisema kwa upole. Afadhali angenizaba kibao.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda kanisani. Debora amekwenda peke yake.

Namkasirikia Debora. Nawakasirikia wajomba na vinywa vyao vilivyofungwa. Namkasirikia hata mama, Mungu anisamehe.

Nimetoa daftari. Neno la mwisho ni "Epua". Chini yake nilipiga mistari miwili kwa rula, kama nilivyofunzwa kufunga somo. Nakumbuka siku ile. Chungu kilipotoka motoni nilifunga daftari, nikatoka nje kupunga upepo. Mama aliniita. Nilimjibu kwamba nimekwisha kuandika. Aliita mara ya pili, kisha akaacha. Nilipochungulia mlangoni alikuwa ameshika kibuyu cha maziwa. Nilidhani ana kiu.

Nimekaa na daftari magotini asubuhi nzima. Nimemtafuta mwingine wa kumlaumu. Sikumpata.

Jumatatu, 9 Juni

Nimewahi. Zaina alikuwa amewahi zaidi. Aproni yake imefuliwa, imekunjwa juu ya meza, tayari kurudishwa. Kisu chake amekifunga ndani ya kanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Nimemwendea Bwana Shabani kwanza. Nimemwambia kwamba Zaina abaki, na kwamba kosa lilikuwa langu. Alitaka kusema kitu. Nilimtazama, akaacha.

Nikarudi jikoni. Nimemwambia Zaina avae aproni. Nimebandua karatasi ukutani, nikamuuliza maziwa ni kiasi gani.

"Kwa macho tu, Mwalimu."

Nimemwambia macho si kipimo. Akanitazama, akaanza kuchambua karanga.

Mlenda ulipoiva aliepua. Safari hii sikuondoka. Nilisimama karibu mpaka mvuke ukanilowesha miwani. Alimimina kidogo, akapekecha, akatazama, akaongeza tone, akainua mkono. Nikaelewa ametazama nini. Siwezi kukieleza kwa vijiko.

Nimeongeza mstari chini ya neno "Epua": Tia maziwa ya mgando, kiasi kwa macho. Karatasi imerudi ukutani.

Kisha nimekula.